Mzazi Asiitumikie Hofu ya Mwanawe

Hoja yangu leo ni moja, nami naitanguliza ili tuanze kuijadili mapema. Mtoto anapoandamwa na wasiwasi, au na fikra za kutisha ambazo hakuziita, wazazi wengi hushika mojawapo ya njia mbili. Wako wanaokemea: fikra hizo ni utovu wa adabu, ni shetani, ni matokeo ya kutosali, na mtoto anastahili kuonywa au kuchapwa. Wako wanaobembeleza: humhakikishia mtoto mara ya kwanza, mara ya tano, mara ya ishirini kwamba hakuna baya litakalotokea, na kumwondolea njiani kila kinachomtisha. Njia hizi huonekana kupingana, na katika nyumba nyingi baba na mama hukosana kwa sababu kila mmoja ameshika yake. Nadai kwamba kosa lao ni lile lile. Wote wawili huipa fikra uzito isiostahili, na wote wawili humfunza mtoto kwamba hawezi kukaa nayo. Anayehitaji kubadilika kwanza katika nyumba hiyo ni mzazi, na anachopaswa kubadili ni mwenendo wake mwenyewe, kabla hajahangaika na kilichomo kichwani mwa mtoto.

Tuzitazame fikra zenyewe, maana hapa ndipo wazazi wengi hupotea. Mtoto wa miaka kumi anapita jikoni, anaona kisu, na ghafla inamjia picha ya yeye mwenyewe kumchoma mdogo wake anayempenda. Mwingine yumo katikati ya sala, na tusi zito dhidi ya Mungu linapita akilini. Msichana aliyekwisha kubaleghe anashikwa na fikra chafu kuhusu ndugu yake, naye anaona afadhali afe kuliko kuitamka. Je, fikra hizi ni za watu wabaya au wagonjwa pekee? Mwaka 1978 Stanley Rachman na Padmal de Silva waliwauliza watu wa kawaida, wasio na ugonjwa wowote wa akili, kama huwajia fikra zisizotakiwa za kudhuru, za kufuru au za aibu. Wapatao wanne kati ya kila watano walikiri kwamba huwajia, na wataalamu walioonyeshwa orodha ya fikra hizo hawakuweza kila mara kuzitenga na zile za wagonjwa. Mwaka 2014 ukachapishwa utafiti mpana zaidi, uliowahusisha wanafunzi 777 wa vyuo vikuu katika nchi 13 za mabara sita, Sierra Leone ikiwamo. Asilimia 94 walisema kwamba katika miezi mitatu iliyotangulia waliwahi kuvamiwa na angalau fikra moja ya namna hiyo. Na tusisahau wazazi wenyewe. Utafiti uliofanywa kwa akina mama waliojifungua karibuni, ukachapishwa 2008, ulionyesha kwamba karibu nusu yao walikuwa wamejiwa na fikra ya kumdhuru kwa makusudi mtoto waliyemzaa. Mama anayemwogesha kichanga na ghafla akaiona akilini picha ya kumzamisha si muuaji. Ni mama mwenye akili inayofanya kazi kama akili za wanadamu wote.

Basi kama karibu kila mtu hupitiwa na fikra hizi, kwa nini mtoto mmoja huzisahau kabla hajatoka jikoni, na mwingine hukesha nazo miezi sita? Jibu lililopata nguvu zaidi tangu Paul Salkovskis alipoliandika mwaka 1985 ni kwamba tofauti haimo katika fikra. Imo katika maana anayoipa mhusika. Mtoto wa kwanza huona upuuzi umepita. Wa pili hujiuliza: mbona nimewaza hivi? Pengine mimi ni mtu hatari. Pengine nikiwaza, litatokea, na nisipolizuia dhambi ni yangu. Hapo huanza kuisukuma fikra itoke, na kusukuma hakusaidii. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila watakapomfikiria. Kengele ziliendelea kulia. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria zaidi ya wale ambao hawakukatazwa kamwe. Kukataza kunaigeuza fikra kuwa mgeni anayegonga mlango usiku kucha. Mtoto asiyeweza kuifukuza hutafuta kitu cha kuituliza: ananawa tena na tena, anarudia udhu, anahesabu, anakagua komeo, anasali sala ile ile mpaka itoke bila kasoro. Mara nyingi sana kitu hicho huwa ni mzazi. Anauliza: Mama, mimi siwezi kuua mtu, sivyo? Hali hiyo ikishika na kula muda wa mtoto, masomo yake na usingizi wake, huwa ni ugonjwa wenye jina na tiba, yaani ugonjwa wa fikra na vitendo vya kujirudia, na huwapata kati ya mtoto mmoja na watatu katika kila watoto mia.

Turudi sasa kwa mzazi anayekemea. Simdharau. Ametishika, na kukemea ndicho chombo alichokabidhiwa na waliomlea. Lakini tutazame kinachomfika mtoto. Alikuja na shaka kwamba huenda yeye ni mbaya. Kofi au kemeo limethibitisha kwamba ndiyo, ni mbaya. Alidhani fikra ni sawa na tendo, na sasa ameadhibiwa kwa fikra kama ambavyo angeadhibiwa kwa tendo. Siku ya pili haji tena kusema. Fikra haikutoka, imepoteza tu msikilizaji, na tangu hapo itakua gizani. Wazazi wa aina hii husema wanatetea dini. Hapa naomba tuwe waangalifu, kwa sababu dini zetu, zikisomwa vizuri, haziko upande wao.

Katika hadithi zinazosimuliwa na Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad anaeleza kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma wake yale ambayo nafsi inanong'ona, maadamu mtu hajayasema wala kuyatenda. Muslim anasimulia pia kwamba baadhi ya masahaba walimjia Mtume wakilalamika kwamba huwajia nafsini mambo mazito mno hata hawathubutu kuyatamka. Hakuwakemea. Aliwaambia kwamba kule kuchukia kwao mambo hayo ni alama ya imani iliyo wazi. Wanasheria wa Kiislamu nao wana kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka: aliye na yakini kwamba ametia udhu, kisha akajiwa na shaka tu kwamba umetenguka, anabaki na udhu wake. Mwenye wasiwasi wa kudumu huambiwa asirudie na asiusikilize. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, na humo akautenga wasiwasi wa fikra zinazojirudia na huzuni, hofu na hasira, akiuona kuwa maradhi ya nafsi yanayostahili tiba yake. Hiyo ni zaidi ya miaka elfu moja kabla ya hospitali zetu za leo. Upande wa Wakristo hali si tofauti. Ignasi wa Loyola, alipokuwa Manresa mwaka 1522, aliungama dhambi zile zile mara kwa mara bila kupata utulivu, na yeye huyo baadaye akawaandikia wengine kanuni za kukabili dhamiri yenye mashaka ya kupita kiasi. John Bunyan, anayejulikana kwa hadithi ya safari ya Mkristo, alisimulia katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1666 jinsi alivyosumbuliwa kwa muda mrefu na sauti ya ndani iliyomshawishi amuuze Kristo. Hawa walikuwa watu wa sala. Anayemwambia mtoto kwamba angesali vizuri asingewaza hivyo hajui historia ya waliosali.

Mzazi anayebembeleza ni mgumu zaidi kumkosoa, kwa kuwa anaonekana, na kwa kweli ndiye, mwenye huruma. Nitakaa kwake muda mrefu, kwani naamini ndivyo walivyo wengi wetu katika vizazi vya sasa. Mtoto anauliza usiku: Baba, mlango umefungwa? Umefungwa, mwanangu. Una hakika? Nina hakika. Hebu kaangalie tena. Baba anaamka, anaangalia, anarudi, mtoto anatulia, nyumba nzima inalala. Kila mtu ameona faida, na faida hiyo ndiyo mtego. Hofu ya mtoto ilipanda, jibu la baba likaishusha palepale, na akili ya mtoto ikajifunza mambo mawili: kwamba kulikuwa kweli na hatari, ndiyo maana baba aliamka, na kwamba yeye peke yake asingeweza kustahimili. Hakupata nafasi ya kujifunza jambo la tatu, ambalo ndilo la kweli: kwamba hofu ikiachwa bila kuhudumiwa hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe. Kesho itahitaji majibu mawili mahali pa moja. Uhakikisho kwa mtoto wa aina hii ni kama maji ya bahari kwa mwenye kiu. Kila funda linamrudisha kwenye kiu kali kuliko ile ya kwanza.

Wala si majibu tu. Familia nzima hupangwa upya bila mtu kutangaza. Kisu kinafichwa juu ya kabati. Dada anaoga wa mwisho kwa sababu mdogo wake hataki kutumia bafu baada yake. Mama haendi tena msibani wala kwenye vikoba, kwani mtoto hulia akibaki. Bibi analala chumba kimoja na mjukuu aliyekwisha ingia darasa la sita. Mwalimu ameombwa asimwite asome mbele ya wenzake. Nayaita haya yote kuitumikia hofu, kwa kuwa mtumishi hapa si wa mtoto. Mtoto mwenyewe naye ni mtumwa katika nyumba hiyo. Mwaka 1995 Lisa Calvocoressi na wenzake waliwachunguza jamaa wa wagonjwa wenye fikra na vitendo vya kujirudia, wakakuta kwamba asilimia 88 ya jamaa hao walikuwa wakishiriki au kujipangia maisha kufuatana na matakwa ya ugonjwa. Tafiti zilizofuata kuhusu watoto zimeonyesha kwamba familia inavyoitumikia zaidi hofu ndivyo dalili zinavyokuwa nzito, na kwamba pale utumishi huo unapopungua wakati wa matibabu, mtoto hupata nafuu zaidi. Mtu makini atauliza: huenda ni ukali wa ugonjwa unaowalazimisha wazazi kutumika, wala si utumishi unaouzidisha ugonjwa? Swali ni la haki, na pengine yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Njia ya kulijibu ni kuwabadilisha wazazi peke yao na kuona kama mtoto atabadilika.

Jambo hilo limefanyika. Eli Lebowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliwachukua watoto 124 wa miaka 7 hadi 14 wenye maradhi ya wasiwasi, wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja la watoto lilipata tiba ya kawaida ya mazungumzo, ile inayomfundisha mtoto kupima fikra zake na kukabili anachokiogopa hatua kwa hatua. Katika kundi la pili mtoto hakuonana na mtabibu kwa matibabu kabisa. Walioonana naye kila wiki ni wazazi, nao walifundishwa mambo mawili, kuonyesha huruma yenye imani na kuacha kidogokidogo kuitumikia hofu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba watoto wa kundi la pili walipona kwa kiwango kisichopungua kile cha kundi la kwanza. Lazima niseme kwamba utafiti huo ulihusu wasiwasi kwa jumla. Kwa ugonjwa wa fikra na vitendo vya kujirudia, tiba iliyothibitishwa zaidi bado ni ile aliyoianzisha Victor Meyer huko London mwaka 1966: mgonjwa anakabili kinachomtisha na wakati huohuo anajizuia kufanya kitendo cha kumtuliza. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2004 uliohusisha watoto na vijana 112, tiba ya aina hiyo iliondoa dalili karibu zote kwa asilimia 39 ya walioipata, dawa ya sertralini kwa asilimia 21, vyote viwili pamoja kwa asilimia 54, na kidonge kisicho na dawa kwa asilimia 4 tu. Lakini angalieni tiba hiyo inadai nini nyumbani. Mtoto hawezi kujizuia kuuliza wakati mama bado anajibu.

Basi mzazi aseme nini? Kwanza asikilize mpaka mwisho bila kushtuka, au kama ameshtuka, bila kuonyesha. Kisha aitaje hofu kwa jina: Naona umetishika sana, na si jambo rahisi. Fikra kama hizo huwajia watu wengi, hata mimi. Kuwaza si kutenda. Maelezo hayo hutolewa mara moja, kwa utulivu, na ni elimu ambayo mtoto ana haki nayo. Swali lile lile likirudi kwa mara ya pili na ya tatu, haliombi elimu tena, linaomba utulivu. Hapo jibu hubadilika: Hilo ni swali la wasiwasi, mwanangu. Sitalijibu, kwa sababu nakupenda na najua utaweza kukaa nalo mpaka lipite. Nipo hapa. Maneno haya lazima yatayarishwe mchana, watu wakiwa wametulia, na mtoto aambiwe mapema mzazi ataacha kufanya nini na kwa nini, ili usiku asione kama ametupwa. Ianzwe na huduma moja, labda kukagua mlango, wala si zote kwa siku moja. Bibi, kaka na dada wa kazi waelezwe, kwani mtoto aliyenyimwa jibu na mama atalifuata kwa bibi. Siku za kwanza hofu itapanda na mtoto atalia, atabembeleza, pengine atakasirika na kusema hapendwi. Mzazi asigombe, asitoe hotuba, asiadhibu. Anachozuia ni mkono wake mwenyewe. Hahitaji ridhaa ya mtoto kwa hilo, wala hamlazimishi mtoto kufanya chochote.

Wapo watakaosema huu ni ukatili uliovaa koti la daktari. Mtoto analia, nawe unakataa kumwambia neno moja la kumtuliza? Ningekubali kama ningekuwa natetea ukimya au kumwacha peke yake. Ninachotetea ni mzazi kubaki naye, kumshika mkono na kumwamini, huku akikataa kushirikiana na ugonjwa. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na methali hiyo imetumika sana kuhalalisha fimbo. Haitaji fimbo. Inamwonya mzazi ambaye hawezi kuvumilia kilio cha mtoto hata kidogo, na huyo hasa ndiye ninayezungumza naye. Kuna pingamizi kutoka upande wa pili, kwamba zamani hatukuwa na majina haya na watoto walikua. Walikua wengine. Waliokuwa wakirudia udhu mpaka swala ikawapita, waliokuwa wakifungiwa ndani kwa kusemwa wana mashetani, hao nao walikuwepo, hawakuhesabiwa tu.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Je, fikra ikiwa ya kweli? Je, mtoto akiwa anataka kweli kudhuru, au kujiua? Hapa nataka kueleweka vizuri. Fikra ninazozungumzia humchukiza mwenyewe, humtia hofu, huenda kinyume cha anachokitaka, naye hukimbia kila kinachoweza kuzitimiza. Mtoto anayesema hataki kuishi, anayeaga, anayegawa vitu vyake, anayejikata, au anayefurahia kuumiza wengine, si huyo. Huyo hahitaji somo la kuvumilia hofu. Anahitaji kupelekwa kwa mtaalamu siku hiyohiyo, dawa na sumu za nyumbani zikiwa zimefungiwa, na asiachwe peke yake. Vilevile iko hofu yenye sababu. Mtoto anayelia kila asubuhi akipelekwa shule huenda anachapwa, anaonewa na wakubwa, au kuna mtu mzima anayemgusa. Mzazi achunguze kwanza. Kumwambia mtoto anayedhulumiwa kwamba avumilie hofu yake ni kumsaliti, na hakuna neno katika hoja yangu linaloruhusu hilo.

La mwisho ni kwamba ushahidi umetoka ng'ambo, na huku wataalamu wa afya ya akili kwa watoto ni wachache mno, wengi wao wako katika hospitali kubwa za mijini. Uchache huo ni wa kweli na ni aibu kwa bajeti zetu. Lakini ndio unaofanya njia hii itufae zaidi sisi kuliko wao. Nchini Kenya, mpango wa Shamiri umewatumia vijana waliomaliza sekondari na kupewa mafunzo mafupi kuwasaidia wanafunzi wenye huzuni na wasiwasi, na jaribio lake lililohusisha wanafunzi 413, lililochapishwa mwaka 2021, lilionyesha dalili zikipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Msaada wa maana unaweza kutolewa na mtu asiye daktari, akifundishwa la kufanya. Mzazi yuko na mtoto kila usiku. Daktari, akipatikana, anaonana naye nusu saa kwa mwezi. Watoto walio na hali nzito bado watahitaji daktari na dawa, na klomipramini, dawa ya siku nyingi ya ugonjwa wa fikra na vitendo vya kujirudia, imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu.

Kwa hiyo ombi langu liwaendee wale ambao mzazi huwakimbilia kwanza: walimu wa madrasa, mapadre na wachungaji, walimu wa shule, manesi wa zahanati. Mtoto akiletwa kwenu na fikra anazoziogopa, msimrudishe nyumbani na adhabu, wala msimrudishe na ahadi kwamba hatawaza tena. Mwambieni kwamba kuwaza si kutenda, kisha mwiteni mzazi wake faragha, mkae naye, mmuulize ni mambo gani nyumbani mwake yanafanywa kila siku kwa ajili ya kuituliza hofu hiyo, na mkubaliane naye ni lipi moja ataliacha wiki ijayo.